UZI: Ngozi ikibadilika rangi baada ya kuchoma fila, usilale nayo

#1 Shavu la Kulia (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni mrefu, unahusu fila, ile jeli inayodungwa usoni kujaza mikunjo. Mwenye haraka, au ambaye amechomwa leo na ana wasiwasi, aruke hadithi yangu aende posti namba 3, dalili nimeziweka huko. Wengine vuteni kiti.

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini kasoro kidogo. Sikutafuta midomo minene wala pua mpya. Kilichokuwa kinanikera ni ile mistari miwili inayoshuka kutoka pembeni mwa pua hadi pembe za mdomo. Kwenye kila picha nilionekana kama mtu aliyetoka kugombana na dunia nzima. Rafiki yangu alishachoma fila kwa mtu mmoja, akapendeza, hakuvimba hata kidogo. Nikaenda. Chumba kisafi, watu wanasubiri foleni, ukutani picha za kabla na baada. Nikasaini karatasi bila kuisoma, kama tunavyosaini karatasi zote. Swali nililouliza ni moja tu: "Inauma?"

Upande wa kushoto ulikwenda salama. Upande wa kulia, sindano ilipofika karibu na tundu la pua, nikahisi maumivu makali yakipanda kuelekea jicho, na ngozi ya pale ikawa nyeupe kama imepakwa chokaa. Niliiona kwa macho yangu kwenye kioo cha mkononi. Akaniambia ni ile dawa ya ganzi, itarudi. Kweli, baada ya dakika chache weupe ukapungua. Nikamwamini, nikaondoka.

Usiku ndipo shughuli ilipoanza. Hayakuwa maumivu ya mtu aliyedungwa sindano. Ilikuwa kama jino lililooza limehamia shavuni. Nikajipiga picha, nikamtumia aliyenichoma. Jibu: "Ni kawaida mpenzi, weka barafu, usiguseguse." Nikaweka barafu usiku kucha. Baadaye nikaja kujua kwamba baridi hubana mishipa ya damu, na mimi mshipa wangu tayari ulikuwa umeziba. Nilikuwa naufunga mlango ambao ulikuwa umebaki wazi kidogo.

Siku ya pili asubuhi, mabaka ya zambarau kutoka mdomo wa juu mpaka kwenye bawa la pua, yamejichora kama wavu. Siku ya tatu vikatoka vijipele vyenye usaha. Nikafurahi, jamani! Nikasema kumbe ni chunusi tu, nikapaka dawa ya chunusi.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, ambaye hata hakujua kama nimechoma kitu. Nilikuwa nimemficha yeye na kaka yake. Akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga, akanyamaza kidogo. "Wifi, hii siyo chunusi. Chunusi haifuati mstari."

Hospitalini daktari hakuuliza mengi. Alinibonyeza shavu kwa kidole, akaachia, akawa anahesabu kimoyomoyo. Akabonyeza upande mwingine, akahesabu tena. Kisha akauliza: umechomwa nini, lini, jeli ya aina gani? La kwanza na la pili nilijibu. La tatu nilibaki nimekodoa macho. Nilijua jina moja tu, "fila". Tukampigia aliyenichoma, simu ikaita mpaka ikakata. Baadaye kidogo nikakuta amenibloku.

Naendelea posti inayofuata.

#2 Shavu la Kulia

Daktari akasema hatusubiri jina. Fila nyingi zinazotumika siku hizi ni za asidi ya haialuroniki, kitu ambacho hata mwili wenyewe unakitengeneza, kipo kwenye ngozi, viungo na jicho. Hiyo ina dawa yake ya kuyeyushia, kimeng'enya kinachoitwa haialuronidesi. Kama ndiyo niliyochomwa, itayeyuka. Kama siyo, tutakuwa tumejaribu.

Alinichoma dawa hiyo sehemu yote iliyobadilika rangi, siyo pale tu ilipoingia sindano ya kwanza. Akasugua. Akasubiri kama saa moja, akabonyeza, akahesabu, akachoma tena. Hivyo hivyo mara kadhaa. Nikapewa aspirini, kitambaa cha uvuguvugu badala ya barafu, na antibayotiki kwa sababu ya vile vidonda. Mara ya tatu alipobonyeza, nikaona amepumua. Rangi ilikuwa inarudi. Ndipo tukajua pia kwamba jeli ilikuwa ya aina inayoyeyuka. Hiyo ilikuwa bahati tu, sikuichagua.

Lakini siku tatu ni nyingi. Kipande cha ngozi pembeni ya tundu la pua, ukubwa wa punje ya mahindi, kilikuwa kimeshakufa. Kikawa cheusi, kikakauka, kikadondoka, kikaacha shimo. Sasa ni kovu. Daktari aliniambia bila kunibembeleza: ungekuja usiku ule ule, pengine tusingekuwa tunaongelea kovu.

#3 Shavu la Kulia

Sasa dalili, kwa namna nilivyozielewa baada ya kuwasumbua madaktari watatu kwa maswali.

Uvimbe ni kawaida, hasa midomoni, na huwa mbaya zaidi siku ya kwanza hadi ya tatu kisha hushuka. Michubuko ni kawaida, inaweza kukaa wiki moja au mbili. Kuuma ukigusa, kuwasha kidogo, upande mmoja kuvimba kuliko mwingine: subiri.

Isiyo kawaida ni ngozi kugeuka nyeupe, kijivu au mabaka ya wavu, maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, na ngozi kuwa ya baridi kuliko jirani yake. Wenye ngozi nyeusi sana tuwe makini zaidi, weupe ule wa vitabuni kwetu unaweza kuonekana kama kijivu au kama ngozi imepauka tu. Kwa hiyo fanyeni kipimo cha kidole: bonyeza sekunde chache, achia, angalia rangi inarudi baada ya muda gani, kisha linganisha na upande wa pili wa uso. Upande wenye afya hurudi haraka, sekunde moja au mbili. Ukihesabu zaidi ya tatu au nne, nenda. Angalieni pia ndani ya mdomo, kwenye fizi na nyuma ya mdomo wa juu, huko rangi huonekana vizuri hata kwa ngozi nyeusi. Na msiangalie pale palipodungwa tu. Mshipa ukiziba hapa, ngozi inayoumia inaweza kuwa mbali, popote mshipa ule unapopeleka damu.

Na kama jicho limepoteza kuona ghafla, hata nusu, au jicho linauma, kope limeanguka, kichwa kinapasuka na unatapika: hapo usimtumie mtu picha. Kimbia hospitali yenye daktari wa macho, saa hiyo hiyo.

#4 Nesi wa Zamu

Mleta uzi pole sana, na asante. Mimi ni muuguzi, nimewahi kufanya kazi na daktari wa ngozi. Naomba niongeze la jicho, kwa sababu watu wanashangaa sindano ya puani inafikaje machoni.

Mishipa ya uso imeungana. Ile ateri (mshipa unaopeleka damu) inayopita kwenye mstari wa tabasamu, ule uliomkera mleta uzi, inapanda pembeni mwa pua, na huko juu inakutana na matawi ya ateri inayolisha jicho. Sindano ikiingia ndani ya mshipa na mtu akasukuma kwa nguvu, jeli inaweza kurudi nyuma, kinyume na damu inavyokwenda, mpaka chimbuko la mshipa wa retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Akiachia kusukuma, damu inaichukua na kuipeleka mbele, ndani ya jicho. Retina haivumilii kukosa damu, hesabu inayotajwa ni dakika 60 hadi 90 kabla madhara hayajawa ya kudumu. Ndiyo maana kinga ni kubwa kuliko tiba hapa.

Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio yaliyokusanya visa 98 kutoka sehemu mbalimbali duniani vya watu waliopata matatizo ya kuona baada ya kudungwa vijazo usoni, yakiwemo mafuta ya miili yao wenyewe, ambayo ndiyo yaliongoza. Sehemu iliyoongoza ilikuwa katikati ya nyusi, ikafuata pua, kisha mstari wa tabasamu, kisha paji la uso. Mwaka huo huo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, nayo ikatoa tahadhari kuhusu fila kuingia kwenye mishipa ya damu bila kukusudia. Ukilinganisha na idadi ya watu wanaochoma ni visa vichache. Ila mtu anayechoma katikati ya nyusi huku akikwambia "hakuna risk yoyote", shuka kitandani.

#5 Mpita Njia

Shida za kujitakia hizi. Mungu kakupa sura, wewe unaona kakosea. Sisi tutabaki na mikunjo yetu.

#6 Shavu la Kulia

Mkuu #5, mtu akianguka mtini tunamshusha kwanza, maswali ya kwa nini alipanda baadaye. Na kwa taarifa yako, aibu ya maneno kama haya ndiyo iliyonifanya nimfiche wifi siku tatu. Tuendelee.

#7 Kope Ndefu

Samahani kwa swali la kijinga, Botox nayo ni hivi hivi? Mimi nimepanga hiyo.

#8 Nesi wa Zamu

Siyo swali la kijinga dada, wengi wanachanganya. Botox inalegeza msuli, fila inajaza nafasi. Botox haizibi mshipa namna hii, na huisha nguvu yenyewe baada ya miezi kama mitatu au minne. Ina kero zake, kope kuanguka kwa muda kwa mfano, ila dawa ya kuyeyushia fila haiifanyi chochote. Ukiwa na tatizo, daktari lazima ajue ulichomwa ipi.

#9 Shosti wa Kioo

Mimi yangu haikuwa ya dharura ila ilinitesa mwaka mzima. Nilichoma chini ya macho kuficha mashimo. Mashimo yakaisha, badala yake nikawa na rangi ya bluu kama mtu aliyepigwa ngumi juzi. Nikaongeza vipodozi, bluu ikaongezeka. Aliyenichoma akasema nimechoka, nilale. Nililala jamani, nililala sana!

Daktari wa pili akaniambia jeli imewekwa juu mno, karibu na ngozi, kwa hiyo mwanga unatawanyika ndani yake na bluu ndiyo inayorudi machoni. Inaitwa athari ya Tyndall, jina la mwanafizikia wa karne ya 19. Akayeyusha. Kesho yake bluu haipo, mashimo yamerudi. Tumekubaliana kuishi pamoja.

#10 Kimya Kirefu

Niongeze yangu. Miezi saba baada ya kuchoma mashavu, nikiwa nimeshasahau kabisa, nilitibiwa jino. Wiki chache baadaye nikaamka na uvimbe mgumu shavuni, mwekundu, unauma. Nikajua ni jino. Daktari wa meno akasema jino liko sawa. Ukashuka wenyewe, ukaja tena nilipopata mafua makali. Hii nayo ni fila?

#11 Nesi wa Zamu

Inawezekana sana. Jeli ni kitu kigeni, kinga ya mwili inaweza kukaa nayo kimya miezi mingi halafu siku moja ikaamka. Mafua, maambukizi mengine, matibabu ya meno, hata chanjo, vinaweza kuiamsha. Kwenye majaribio ya chanjo ya Uviko ya Moderna mwaka 2020 walitajwa watu 3 wenye fila waliovimba uso au midomo, na ikatibika. Msije mkaikimbia chanjo kwa sababu hiyo, mwambieni tu anayewachanja.

Sababu nyingine ni bakteria kujijengea utando juu ya jeli na kukaa humo wakijificha, antibayotiki haiwafikii vizuri. Kwa hiyo usiukamue wala usiukande. Daktari ataangalia, pengine kwa ultrasaundi, aone jeli iko wapi na kama kuna usaha. Akihisi maambukizi, kawaida huanza na antibayotiki kabla ya kuyeyusha, kwa sababu hataki kusambaza bakteria. Mara nyingine hutumia steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Uvimbe uliokomaa kabisa unaweza kuhitaji kukatwa. Mtu mwenye tabia ya kutoka malengelenge ya mdomo ya virusi naye aseme mapema kabla ya kuchoma midomo, sindano inaweza kuyaamsha, na anaweza kupewa dawa ya kuzuia.

#12 Chuma Chakavu

Nesi, mimi yangu haiyeyuki. Nilichomwa silikoni miaka mingi iliyopita. Ina vinundu na imehama imeshuka taya. Nimeambiwa hakuna dawa ya kuyeyushia.

#13 Nesi wa Zamu

Pole kaka. Waliokwambia wamesema kweli, haialuronidesi inayeyusha asidi ya haialuroniki peke yake. Silikoni ya maji FDA haijawahi kuiidhinisha kwa kudungwa usoni kwa ajili ya urembo, na ulichokieleza, kuhama na kuota vinundu, ndiyo sababu. Mtafute daktari wa upasuaji wa kurekebisha maumbile aliyewahi kushughulikia silikoni, siyo wa kujifunzia kwako. Mara nyingi lengo ni kupunguza, kutoa yote ni vigumu kwa sababu imeshajichanganya na nyama. Na usikubali mtu akuongezee fila nyingine "kusawazisha".

Zipo pia fila halali ambazo haziyeyuki kwa dawa hii, kama Radiesse ya kalsiamu na Sculptra. Siyo mbaya kwa hilo. Ila anayezichoma lazima awe anajua kwamba akikosea hana kifutio.

#14 Mwali

Jamani nisaidieni. Nimechomwa mdomo jana jioni. Sasa hivi pembe ya mdomo wa juu kulia ni nyeusi inayoelekea zambarau. Nimesoma huu uzi natetemeka. Aliyenichoma hajibu.

#15 Shavu la Kulia

Mwali, tulia unijibu haraka. Maumivu yanaongezeka tangu jana au yanapungua? Ni doa moja au mabaka yanayosambaa? Bonyeza ngozi inayozunguka doa, hesabu, kisha upande wa pili. Angalia na fizi. Barafu weka chini kwanza.

#16 Mwali

Yanapungua. Doa moja kama sarafu. Likibonyezwa halibadiliki kabisa, linabaki zambarau. Ngozi ya pembeni inarudi haraka pande zote. Fizi ni kawaida.

#17 Nesi wa Zamu

Mwanangu, hiyo inasikika kama mchubuko. Damu iliyovuja chini ya ngozi haitoki ukibonyeza, ndiyo maana halibadiliki. Lakini mimi sikuoni. Nenda ukaonwe usiku huu huu. Ukiambiwa ni mchubuko utakuwa umepoteza usingizi tu.

#18 Mtaka Yote

Wakati tunamsubiri Mwali: kuna zile kalamu zisizo na sindano, zinasukuma jeli kwa presha ya hewa. Hizo si salama zaidi kwa kuwa hakuna sindano? Na hiyo dawa ya kuyeyushia si ningenunua mtandaoni nikaweka akiba ndani?

#19 Nesi wa Zamu

Hapana, na hapana. Kalamu hizo FDA ilizionya wazi Oktoba 2021. Presha haichagui, inaweza kuipeleka jeli popote, ndani ya mshipa ikiwemo, na anayeishika hana namna ya kujua imefika kina gani. Haialuronidesi nayo inaweza kuleta mzio mkali. Waliowahi kupata mzio wa nyuki au nyigu wawe makini zaidi, kwa sababu sumu ya wadudu hao ina kimeng'enya cha jamii hiyo. Inachomwa mahali penye dawa za kumtibu mtu mzio ukimshika. Akiba hiyo inatakiwa iwe kwenye kabati la anayekuchoma, siyo lako. Mwambie akuonyeshe kichupa kabla hujalala kitandani. Akichukia, umeshapata jibu.

#20 Mwali

Nimerudi. Mchubuko. Daktari kabonyeza kama alivyobonyezwa mleta uzi, kasema damu inapita vizuri, kanichorea mstari wa kalamu kuzunguka doa nione kama linatanuka. Alinicheka kidogo nilipomwambia nimejifunza kubonyeza mtandaoni. Kisha akaniuliza jina la jeli. Sikulijua.

#21 Shavu la Kulia

Mwali, nimefurahi hadi nimepiga kelele, mume wangu kauliza kuna nini. (Ndiyo, anajua sasa.)

Kuhusu jina: fila halali huja ndani ya boksi ikiwa na stika yenye jina na namba ya toleo. Moja inabandikwa kwenye faili lako, nyingine omba upewe, au piga picha boksi likiwa limefungwa bado. Mimi nilikuwa nalitazama lile boksi mezani wakati ananichoma. Nilikuwa nafikiria nitapendeza vipi.

Kwa walioniuliza inbox hali yangu: kovu linaendelea kufifia, daktari amesema tusiliguse mpaka likomae. Tatizo lililobaki ni la kuchekesha. Dawa ya kuyeyushia iliondoa jeli yote ya kulia, ila ya kushoto bado ipo, laini kabisa, kazi nzuri hata mimi nakiri. Ultrasaundi imeionyesha imekaa pale pale ilipowekwa. Kwa hiyo nikicheka, upande mmoja wa uso una miaka mitano zaidi ya mwingine. Daktari ameniuliza kama nataka ayeyushe na huo ili pande zilingane. Wifi anasema yeyusha. Sijampa jibu.